Upepo na Giza

Mama alipohamia kwetu Sagana alishuka kwenye matatu na sanduku la nguo, mbuzi ya kukunia nazi, na panka. Panka lenyewe lilikuwa limefunguliwa vipande: mapanga yake manne yamefungwa kwa leso mbili kuukuu, mota imezungushiwa blanketi ndani ya karai. Alikuwa amesafiri nalo kwa treni ya SGR kutoka Mombasa hadi Nairobi, na pale Nairobi akamkatalia makanga kulitia kwenye buti. Alilipakata magotini njia nzima.

"Mwanangu," akaniambia kabla hata hajaketi, "nimekaa Changamwe miaka thelathini na miwili. Kulala bila panka sijui."

Nilimwelewa. Watu wa Kiganjo, wanaolala na blanketi mbili mwaka mzima, wanaweza kushangaa mtu kutundika feni darini huku Mlima Kenya unaonekana dirishani. Sagana si huko. Ukishuka kutoka Karatina, sweta unaivua kabla hujatufikia, na ukisogea mbele kidogo hadi Makutano na mashamba ya mpunga ya Mwea, jua linachoma na mbu wanajua kazi yao. Januari hadi Machi mabati yetu hukaa na joto mpaka saa tano usiku. Mama alikuja Januari.

Nyumba yetu iliingia stima mwaka 2016, wakati mradi wa serikali wa Last Mile ulipokuwa ukipita vijijini. Mwaka mmoja kabla, ada ya kuunganishiwa ilikuwa imeteremshwa kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000, na mtu aliruhusiwa kulipa kidogo kidogo. Aliyekuwa ndani ya mita 600 kutoka kwenye transfoma alikuwa na tumaini. Tulikimbilia sote. Mafundi walimaliza nyumba nzima kwa siku mbili, na mpango ulikuwa ule ule kila mahali: balbu moja katikati ya dari, swichi moja kando ya mlango, soketi moja ya kuchajia simu. Hakuna aliyeuliza kama siku moja juu ya kitanda kutakuwa na kitu kingine cha kuwasha. Simlaumu mtu. Pesa ilikuwa kidogo, na koroboi ilikuwa imetuchosha.

Kulitundika panka hakukutupa shida. Seremala alipanda juu ya dari, akapigilia ubao wa nne kwa mbili kati ya kenchi mbili, kwa sababu mbao laini za dari haziwezi kubeba mota inayozunguka usiku kucha. Tukapima: kutoka sakafuni hadi kwenye mapanga mita mbili na nusu. Hata mtu mrefu akitandika kitanda hatakatwa kidole. Baba watoto akaunganisha nyaya mwenyewe, pale pale ilipokuwa balbu. Tukawasha. Leso iliyokuwa juu ya kiti ikapepea, na mama akafumba macho kama mtu aliyesikia jina la kwao.

Lakini panka lile lina taa yake chini, kibakuli cha kioo cheupe, na taa na mota vilikuwa vimefungwa kwenye waya mmoja. Ukibonyeza swichi, vyote vinawaka. Ukizima, vyote vinazima. Mama amepasuliwa mtoto wa jicho macho yote mawili. Mwanga mkali ukimwangukia usoni, hata akifumba, kichwa kinamuuma hadi alfajiri. Kwa hiyo usiku wa kwanza alilala na upepo bila usingizi. Usiku wa pili akazima, akalala na jasho. Wa tatu tukamtolea balbu. Akalala vizuri mpaka saa tisa, akaamka kwenda msalani katika chumba kisichokuwa na taa yoyote, akajigonga muundi kwenye chuma cha kitanda. Asubuhi nilimkuta akijikanda kwa maji ya chumvi.

"Mimi sitaki mengi," alisema. "Nataka upepo, na nataka giza. Na nikiamka, nataka nione ninapokanyaga."

Nataka msomaji amwelewe mama yangu. Huyu ni mtu aliyeendesha hoteli yake ya chai na mahamri Changamwe, akiamka saa kumi ili wafanyakazi wa zamu ya asubuhi wapate kitu tumboni. Alilipa kodi yake, akatusomesha, akamzika mumewe. Sasa, katika nyumba ya bintiye, alikuwa analazimika kumwita mjukuu saa tatu usiku apande kiti na kuifungua balbu, kisha kumwita tena asubuhi airudishe. Hakulalamika, na hilo ndilo lililoniumiza. Mtu mzima haombi ruhusa ya kulala. Niliapa kwamba kando ya ule mlango kutakuwa na swichi mbili, moja ya upepo na moja ya mwanga, na atazitumia apendavyo bila kumwita mtu.

Nilienda Karatina siku ya soko, nikanunua swichi yenye vitufe viwili kwenye kibao kimoja. Nilidhani ndiyo dawa yote. Baba watoto akazima swichi kuu, akafungua ile ya zamani kwa bisibisi, akaivuta taratibu kutoka kwenye kisanduku chake cha chuma ukutani. Nyuma yake kulikuwa na nyaya tatu: mbili nyekundu na mmoja wa kijani. Tukasimama tukitazamana.

Niliyojifunza jioni ile nayaeleza kwa sababu naamini nyumba nyingi za kwetu ziko hivyo. Swichi kazi yake ni kukata na kuunganisha ule waya wenye moto, ambao mafundi wanauita laivu. Laivu inashuka kutoka darini kwa waya mmoja mwekundu, inapita kwenye swichi, inarudi juu kwenye taa kwa waya wa pili mwekundu. Kutoka kwenye taa inarudi kwenye mita kwa waya mweusi, nyutro, ambao wala haufiki kwenye swichi. Wa kijani ni wa ardhi: unafungwa kwenye chuma cha kisanduku na kwenye mwili wa feni, na mwisho wake ni nondo iliyopigiliwa udongoni nje ya nyumba. Siku zote umelala, ukingojea siku ya hatari. Ukitaka vitu viwili viwashwe kila kimoja peke yake, laivu inashuka kwa waya mmoja lakini lazima irudi kwa nyaya mbili, mmoja wa mota na mmoja wa taa. Tulihitaji nyekundu tatu. Tulikuwa nazo mbili. Shida yote ya mama yangu ilikuwa upungufu wa waya mmoja, mita tano hivi.

Shemeji, mdogo wake baba watoto, alikuja Jumapili. Amejifunza stima kwa kushika kazi za jua kali, ni kijana mwepesi wa mkono na mwenye moyo, na mama alimpenda tangu siku ile alipomwamkia "Shikamoo mama", amkio ambalo huku kwetu hulisikii mara nyingi. Alichungulia kisandukuni, akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole.

"Shemeji, kuvuta waya mpya ni kazi. Hii paipu imeingia simiti, naijua. Tutachonga ukuta wote huu, upige lipu tena, upake rangi tena." Kisha akaushika ule wa kijani. "Na huyu hapa hafanyi kazi yoyote."

Akapanda darini. Ule waya wa kijani uliokuwa umefungwa kwenye mwili wa feni na kwenye waya mkuu wa ardhi, akaukata kwenye maungio, akauunganisha na waya wa mota, akauviringisha tepu nyeusi. Huku chini akauchomoa kwenye kisanduku cha chuma, akaukaza kwenye kitufe cha pili. Nusu saa, kazi imekwisha. Kitufe cha kushoto: taa. Kitufe cha kulia: upepo. Mama alibonyeza kimoja kimoja, akazima taa, akasimama gizani chini ya panka linalozunguka, akamwombea shemeji dua ndefu. Tulikula kuku siku hiyo.

Wiki tatu mama alilala.

Feni ikaanza kutoa sauti, mlio mdogo wa kitu kilicholegea. Jumamosi moja saa nne asubuhi stima ikapotea mtaa mzima. Watoto wakamwuliza shosho wao inakuwaje stima inapotea na mto uko pale bondeni, na ni swali la haki. Mto Sagana, ambao wazee wanauita Thagana, ndio unaoendelea na kuwa Tana, na Tana ndiyo yenye mabwawa ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Kindaruma limekuwa likizalisha umeme tangu 1968. Hata hapa kwetu kuna kituo kidogo cha megawati 1.5. Lakini umeme huo huingizwa kwanza kwenye gridi ya nchi nzima. Nguzo ikianguka mahali, anayekaa kando ya mto hukaa gizani sawa na wengine. Mama aliwaeleza hivyo hivyo, kwa maneno yake.

Baba watoto akaona ndiyo nafasi ya kukaza zile skrubu za feni. Stima haipo, hakuna hatari. Akaleta ile ngazi yetu ya chuma. Mimi nilikuwa nimetoka kupiga deki chumba cha mama, sakafu haijakauka. Hatukuzima swichi kuu. Na kitufe cha kulia kilikuwa kimebaki kimewashwa, kwa sababu mama alikuwa amelala na upepo hadi asubuhi.

Alipoteremsha kifuniko cha juu cha feni, aliona kitu kilichomshangaza. Waya wa kijani uliotoka kwenye mwili wa feni ulikuwa unaning'inia bila kufungwa popote, na waya wa kijani uliotoka ukutani ulikuwa umefungiwa na waya wa mota. Alisema kwa sauti, nikamsikia nikiwa jikoni: "Mdogo wangu alichanganya hapa." Akabandua tepu. Akaunganisha kijani na kijani, kama mtu yeyote mwenye akili angefanya. Mkono wa kushoto alikuwa ameshikilia mwili wa mota ili isiyumbe.

Stima ikarudi.

Nilisikia redio ya jirani ikianza kuimba, na papo hapo ngazi ikigonga ukuta. Nilipofika mlangoni alikuwa sakafuni, ameegemea kitanda, uso umekuwa wa majivu. Sikumgusa. Nilikimbilia swichi kuu kwanza nikaizima, na hilo moja nashukuru nilikuwa nimefundishwa shuleni. Mama alikuwa ameshapiga magoti akitaka kumshika. Nilimpigia kelele ambazo sijawahi kumpigia maishani.

Anguko ndilo lililomwokoa, kwa sababu ndilo lililomtenga na chuma. Hospitali walimpima mapigo ya moyo, wakamweka chini ya uangalizi hadi jioni, wakamfunga plasta mkono wa kulia uliovunjika kifundoni. Kiganja cha kushoto kilikuwa na doa dogo jeupe, gumu, kama punje ya mchele. Nililitazama doa lile kila nilipombadilishia shati kwa wiki mbili.

Kwa nini breka haikuruka? Nililiuliza swali hilo kwa hasira, nikidhani kifaa kimetusaliti. Breka ya taa hukata mkondo mkubwa unapopita ghafla, na mwili wa feni ukishikwa na moto, mkondo huo unapaswa kukimbilia kwenye waya wa ardhi na kuiangusha breka kufumba na kufumbua. Njia hiyo ndiyo tuliyokuwa tumeikata. Volti 240 zilikuwa zimekaa kwenye chuma cha feni zikingoja njia nyingine, na njia ikawa ni mume wangu, ngazi ya chuma, na sakafu yangu yenye maji.

Fundi aliyekuja baadaye ni mama wa makamo kutoka Kutus, mwenye leseni ya mamlaka ya nishati, EPRA, aliyeitoa mkobani na kutuonyesha kabla hatujaiulizia. Kufunga stima bila leseni hiyo ni kinyume cha sheria, jambo ambalo wengi wetu hulikumbuka siku ya kuomba mita tu. Alimwamkia mama, akakaa naye kidogo, akamwuliza anavyolala. Kisha akauliza swali ambalo hakuna kati yetu aliyewahi kuuliza: "Hii paipu mliijaribu?"

Hatukuwa tumeijaribu. Shemeji alikuwa amegonga ukuta kwa kidole, basi.

Naikumbuka saa ile kwa kila kipande chake. Fundi alipima kila waya kwa testa kwanza, ingawa swichi kuu ilikuwa imezimwa na ufunguo wa kisanduku uko mfukoni mwake. Halafu kule juu akamenya ncha za nyaya mbili mpya, mwekundu na wa kijani, akazikunja na kuzifunga kwenye mkia wa ule wa kijani wa zamani, fundo lililopangwa kwa ngazi ili lisiwe nene, akalifunika kwa tepu hadi likawa laini kama ncha ya penseli. Akalipaka sabuni ya kuoshea vyombo. Mimi nilikaa juu ya kenchi nikisukuma, yeye chini akivuta.

"Leta... leta... simama. Rudisha kidogo. Sasa leta."

Kwenye kona ya paipu, pale inapopinda kutoka darini kuingia ukutani, fundo liligoma. Nilihisi ugumu wake vidoleni. Nikaamini simiti ni kweli, tutachonga. Akaniambia nirudishe inchi mbili, nisubiri, nisukume wakati yeye anavuta, si kabla wala si baada. Likapita. Nilisikia waya ukiteleza ndani ya ukuta kwa sauti nyembamba, na chini fundi akasema, "Nimemwona." Paipu haikuwa na hata chembe ya simiti. Kazi ile ilichukua dakika arobaini.

Akafunga kila kitu mahali pake. Laivu kwenye tundu la COM la kitufe cha kwanza, na kipande kifupi chekundu cha kuivusha hadi COM ya kitufe cha pili. Waya wa kurudi wa taa kwenye L1 ya kwanza, wa mota kwenye L1 ya pili. Kijani kwenye chuma cha kisanduku, kijani kwenye mwili wa feni, na hakutoka hadi alipohakikisha kwamba kile kijani kinafika kweli kwenye nondo iliyo udongoni. Pale kwenye breka akaongeza kifaa kinachokata umeme wote ukivuja hata miliampere 30, kiasi ambacho mwili bado unaweza kupona. Nilimwuliza pia kama naweza kuweka kile kitufe cha kupunguza mwanga ili mama apunguze kasi ya panka, akanikataza: kile ni cha balbu, mota itanguruma na kuungua, feni ina rigeleta yake.

Shemeji alikuwa amesimama mlangoni muda wote. Hakuna aliyekuwa amemsema. Kaka yake alikuwa ameketi sebuleni na mkono shingoni, na alikuwa amemwambia mara mbili kwamba ni ajali. Fundi alipokuwa anakusanya vyombo vyake, alimpa kile kipande cha kijani alichokitoa ukutani, bado kina tepu nyeusi kwenye ncha.

"Kaka yako hakukosea," alimwambia, bila ukali. "Alisoma rangi, akafanya kama rangi ilivyomwambia. Aliyeandika ni wewe."

Shemeji alikigeuza geuza. Kisha akasema, kwa sauti ya chini hata nikadhani sikusikia vizuri, kwamba kuna nyumba mbili upande wa Kagio. Moja alitumia kijani kwa taa ya nje, nyingine kwa taa ya choo. Mwaka jana. Katika ile ya choo wana watoto wadogo.

Fundi akaangalia saa yake. Ilikuwa saa nane na nusu. Akamwuliza kama ana pikipiki, kisha akafungua mkoba tena, akahesabu waya uliobaki kwenye bunda, mwekundu na kijani, akaona utatosha. Wakaondoka.

Jioni ile mama alizima taa mapema akakaa kitandani, panka likizunguka, mlango wazi ili aone watu sebuleni. Shemeji alirudi saa moja na nusu usiku. Vumbi la Kagio lilikuwa limemfika hadi kwenye kope, na mikono yake ilikuwa na harufu ya sabuni ya vyombo. Alimwamkia mama kwa ile "shikamoo" yake, akatoa mfukoni vipande viwili vya waya wa kijani, akaviweka juu ya meza kando ya kile cha kwetu.

"Marahaba," mama alijibu kutoka gizani. "Umekula?"